Jirani Asikiaye: Sanaa na Ukatili wa Nyumbani Chini ya Mlima Meru

Katika miteremko ya Mlima Meru nyumba hazikukaa mbalimbali. Toka Ilboru kwa Waarusha mpaka Nkoaranga na Akheri kwa Wameru, boma moja hupakana na jingine kwa ua wa miti, na migomba iliyochanganyika na mibuni huziba macho lakini haizibi masikio. Chini mjini hali ni ile ile kwa namna nyingine. Ngarenaro, Kaloleni na Unga Limited wapangaji huishi chumba kwa chumba, na ukuta mmoja una watu pande zote mbili. Iwe mlimani au mjini, mwanamke apigwapo na mumewe usiku, kilio chake hakifi ndani ya nyumba. Wa kwanza kukisikia ni watoto. Wa pili ni jirani. Asubuhi jirani huyo hukutana naye bombani, humsalimu, huuliza habari za nyumbani, na hujibiwa kuwa ni njema. Wote wawili wajua kwamba si njema, na wote wawili hujitwika ndoo zao wakaenda.

Jambo hili dogo lafaa liwe mwanzo wa uhakiki wo wote wa sanaa inayokusudia kupambana na ukatili wa nyumbani. Kwa kawaida sanaa ya namna hiyo husifiwa kwa kuwa huwapa watu elimu. Husemwa kwamba wimbo, picha na mchezo wa kuigiza huwafunulia watu jambo wasilolijua, na wakisha kulijua wataliacha. Kauli hii ina kweli ndani yake, lakini ni kweli pungufu, na upungufu wake umeharibu kazi nyingi za wasanii wenye nia njema. Mtu hawezi kufunuliwa jambo alilolisikia jana usiku kwa masikio yake.

Hesabu zilizopo zaonyesha hivyo. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi kadhaa, na taarifa yake kutolewa mwaka 2005, ulikuta kwamba katika Dar es Salaam wanawake 41 katika kila 100 waliopata kuwa na mume au mwenzi walikuwa wamepigwa au kuingiliwa kwa nguvu na mwenzi huyo wakati fulani wa maisha yao. Katika Mbeya walikuwa 56. Jambo linalowapata watu wengi kiasi hicho haliwezi kuitwa siri. Uchunguzi wa taifa wa afya na watu wa mwaka 2015 na 2016 ulikwenda mbele zaidi, ukauliza watu wanaonaje. Wanawake 58 katika kila 100, na wanaume 40, walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu moja au nyingine, kama vile kuunguza chakula, kutoka bila kuaga, kubishana naye, kutowatunza watoto vizuri, au kumnyima unyumba. Msomaji na atazame tena tarakimu hizo mbili. Wapigwao walioikubali fimbo walikuwa wengi kuliko wapigao.

Wala haiwezi kusemwa kwamba sheria ilinyamaza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, ilitangaza kuwa hapana mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe wa ndoa kwa kumpiga, hata kama desturi yasema vingine. Sheria hiyo ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 40 wakati wanawake wale 58 walipoulizwa. Kwa hiyo kati ya sheria na nyumba pana pengo, na pengo hilo haliwezi kujazwa kwa habari tu. Linakaliwa na jirani, shangazi, mjomba, mzee wa ukoo na kiongozi wa dini. Watu wasikiao na kunyamaza kwa sababu wamefundishwa kwamba kunyamaza ni adabu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, husema methali, na methali hiyo imewapa watu wengi usingizi mzuri.

Hapa ndipo kipimo cha sanaa hii kilipo. Swali la kuuliza juu ya wimbo, picha au mchezo ni hili: je, ukisha kwisha, jirani aliyeusikia au kuutazama ameachiwa kisingizio chake, au amenyang'anywa? Kazi inayomwacha jirani akiwa na huruma na kisingizio pamoja haijafanya kitu, hata ikiwa imemliza.

Mtu na aanze na picha, kwa kuwa Arusha ni mji wa picha. Katika maduka na masoko yanayouzia watalii, turubai zimepangwa kwa mamia. Baadhi zimechorwa kwa mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, wenye wanyama na ndege wa rangi kali. Nyingine zaonyesha Wamasai warefu waliosimama mbele ya mlima jua linapokuchwa. Hapana lawama kwa mchoraji atafutaye riziki yake kwa mikono. Lakini mhakiki ana haki ya kusema kile asichokiona. Katika picha hizo mwanamke hubeba kuni, huchota maji, hubeba mtoto na huvaa shanga. Mara chache sana huonekana ndani ya nyumba yake. Mlango hufika mwisho wa rangi. Soko limenunua uzuri wa nje, na mchoraji amejifunza kuishia mlangoni, kama jirani.

Kinyume chake ni bango la mafunzo libandikwalo katika zahanati na ofisi za serikali. Hilo huingia ndani, lakini aghalabu huingia kwa haraka mno. Mwanamke ameinama, jicho limevimba, mkono umeinuliwa juu yake, na chini kuna maneno ya kukataza. Bango la namna hii lina kasoro mbili. Kwanza, limemtoa mwanamke sura yake ya utu likambakizia jeraha tu, hata mwanamke alipitaye hataki kujitambua ndani yake. Pili, katika picha wamo watu wawili tu, mpigaji na mpigwaji, kana kwamba dunia haina mtu wa tatu. Mtazamaji asiyepiga wala kupigwa hupita akijihesabu nje ya jambo. Lau mchoraji angeongeza dirisha moja, na nyuma ya pazia lake mtu aliyesimama akisikiliza, bango hilo hilo lingemkamata kila apitaye.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba sanaa haikuanza jana kusema juu ya nyumba, na wala haikuwa upande wa mpigwaji siku zote. Fasihi ya Kiswahili inao utenzi mashuhuri wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama mgonjwa kwa ajili ya binti yake, na utii wa mke kwa mume ni nguzo mojawapo ya mafunzo yake. Utenzi huo una uzuri wa lugha na upendo wa mama ambao hapana awezaye kuukana. Aliyeutunga alimpa mwanawe silaha aliyoijua katika dunia aliyoijua. Lakini kizazi baada ya kizazi, mafunzo ya aina hiyo, pamoja na nyimbo za unyagoni na wasia wa usiku wa harusi, yaliwafundisha wanawake kwamba subira ni pambo na kwamba kulalamika ni kuivua nguo nyumba yao. Basi msanii wa leo haandiki juu ya karatasi tupu. Anaandika juu ya maandishi mazuri ya kale, na lazima awe na ustadi usio mdogo kuliko wao.

Ustadi huo ulipatikana Unguja, katika sauti ya Siti binti Saad. Mwanamke huyu, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake uliotolewa mwaka 1958, alizaliwa katika umaskini, akaimba kwa Kiswahili mbele ya wakubwa na wadogo, na kuanzia mwaka 1928 sauti yake ikanaswa katika sahani za santuri huko Bombay. Miongoni mwa nyimbo zake umo ule uitwao Kijiti. Ulisimulia habari za mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam akauawa Unguja, na jinsi mwanamume aliyetuhumiwa alivyokimbilia bara akaepukana na hukumu, ilhali wanawake walioshuhudia ndio walioadhibiwa. Kisa hicho hakikuwa cha mume na mke, lakini mhakiki wa jambo hili hawezi kukipita. Wimbo ulimtaja mtu kwa jina lake. Ulilitazama baraza la hukumu na kulihukumu. Na kila aliyeununua ule wimbo akaupiga nyumbani kwake alikuwa shahidi mpya wa kesi iliyokuwa imefungwa. Huo ndio uwezo wa sanaa: mahali ambapo ushahidi umekataliwa, wimbo waweza kuwapa mashahidi kiapo kwa mara ya pili.

Riwaya nayo imefanya kazi yake, kwa sauti ya chini zaidi. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1971, baba aitwaye Zakaria, mlevi mwenye mkono mwepesi, ampiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Alidhani analinda heshima. Kipigo kile kikazaa fedheha na mwisho wake mauti. Kitabu hicho kilipigwa marufuku katika shule kwa muda, nayo marufuku hiyo yenyewe ni ushuhuda kwamba kiligusa mahali panapouma. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotolewa mwaka 1980, Bwana Maksuudi ni mtu wa heshima mbele za watu na ni mkatili ndani ya kuta zake. Mkewe na binti yake wafungiwa humo kama vyombo vya ndani. Riwaya hizo mbili zilifanya jambo ambalo bango haliwezi. Zilimwonyesha msomaji kwamba mpigaji si jini wa porini. Ni mtu anayesalimiwa vizuri barazani, na heshima apewayo nje ndiyo ufunguo wa mlango aufungao ndani. Lakini riwaya husomwa na mtu mmoja mmoja, na katika miteremko ya Meru mambo ya nyumba hayakupata kamwe kuamuliwa na mtu mmoja akisoma peke yake. Yaliamuliwa katika mikutano.

Kwa ajili hiyo mchezo wa kuigiza ndio sanaa inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi katika nchi hii ya mlima. Philip Gulliver, aliyekaa na Waarusha katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake mwaka 1963, alieleza jinsi ugomvi ulivyomalizwa kwao. Hapakuwa na hakimu mmoja wa kukata shauri. Watu wa ukoo na watu wa rika walikutana, kila upande ukaleta wasemaji wake, na maneno yakazungushwa mpaka pande mbili zikakubaliana. Ugomvi wa mume na mke nao ulipita njia hiyo. Ni desturi yenye busara nyingi, kwa kuwa ilipendelea amani kuliko ushindi. Lakini ilikuwa na kilema chake: mwanamke kwa kawaida alisemewa na wanaume wake, na mapatano yaliyotafutwa yalikuwa mapatano ya koo mbili. Koo zikisha patana, mwanamke alirudi kwenye nyumba ile ile. Neno suluhu lilimfungia mlango kwa utaratibu na heshima.

Mchezo ukichezwa katika uwanja wa soko au chini ya mti, ni mkutano wa namna hiyo uliofunguliwa upya, safari hii mwanamke akiwa na sauti yake mwenyewe. Ndiyo maana hautakuwa mgeni kwa watu wa Meru na Arusha, ukitungwa vizuri. Taabu ni kwamba mara nyingi hautungwi vizuri, na dalili ya ubaya wake ni kicheko. Atazamaye michezo ya mafunzo anakijua kicheko hicho. Mwigizaji wa mume huingia akipepesuka, chupa mkononi, kofia upande. Ulevi wake ni wa kuchekesha, na watu hucheka. Huinua fimbo, na watu wakiwa bado katika furaha ile hucheka tena. Mke hukimbia huku na huku, na mbio zake pia zachekesha. Mwishoni anaingia mwenyekiti wa kijiji au askari, hutoa hotuba, mume huomba radhi, ngoma hupigwa. Watu huenda zao wakiwa wameburudika, na jambo lililokuwa zito katika nyumba zao limekuwa jepesi kuliko lilivyokuwa asubuhi.

Kicheko hicho hakistahili kulaumiwa tu, chastahili kusomwa. Baadhi ya wachekao huficha haya, kwa kuwa wamejiona. Wengine hucheka kwa sababu mtungaji amewapa mlevi, na mlevi si wao. Hapa mtungaji ametenda kosa la sanaa na kosa la ukweli pamoja. Pombe huongeza ghadhabu, lakini haikuandika zile sababu ambazo watu walizikubali mbele ya watafiti wakiwa wazima na akili zao. Mume asiyekunywa, anayepiga kwa utulivu na kuita kipigo chake malezi, ni mgumu zaidi kuigizwa, na ndiye anayehitajiwa jukwaani. Mbele yake hapana atakayecheka.

Njia iliyo bora ilikwisha kuonyeshwa nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, katika wilaya ya Kwimba, wakakaa na wanakijiji. Wenyeji walichunguza wenyewe matatizo yao, miongoni mwake mimba za wasichana wadogo, wakayatungia michezo na ngoma, wakacheza, kisha wakajadiliana. Kutoka mwaka 1996, mpango wa Tuseme uliwafanya wasichana wa shule za sekondari wafanye vivyo hivyo kwa mambo yanayowazuia katika masomo. Siri ya njia hii ni kwamba hotuba ya mwisho haikuandikwa na mtu wa nje. Mchezo hukatika mahali pagumu, na walio mbele ya jukwaa hulazimika kuumaliza.

Augusto Boal wa Brazil, aliyejulikana duniani kwa mchezo unaomruhusu mtazamaji kuingia jukwaani, alisimulia kwamba wazo hilo alilipata Peru kutoka kwa mwanamke mmoja. Mchezo ulihusu mke aliyedanganywa na mumewe. Mwanamke huyo aliyekuwa akitazama hakuridhika na jinsi waigizaji walivyomaliza shauri. Akapanda jukwaani, akashika fagio, akamtandika mwigizaji wa mume. Kisa hiki huchekesha, lakini kina onyo ndani yake. Hasira iliyofunguliwa huchukua kifaa kilicho karibu. Wanawake wa Kimasai, ambao Waarusha wanashiriki lugha yao, walikuwa na mfano wao wa kale, ule uitwao olkishoroto, ambapo wanawake kwa pamoja, wakiimba, humwendea mwanamume aliyetenda kosa zito dhidi ya uzazi, wakampiga na kuchinja mifugo yake. Humo mna wimbo, mna mwendo, mna hadhira, na mna hukumu. Laonyesha kwamba wanawake wa nchi hii hawakungoja kufundishwa na wageni namna ya kufanya aibu ya ndani iwe jambo la watu wote. Lakini adhabu hiyo ilihusu makosa maalumu, na fimbo ilibaki kuwa fimbo. Kinachofaa kurithiwa kutoka kwake ni ule umoja wa sauti, na ile hatua ya miguu ivukayo ua wa mtu.

Hapa pana pingamizi ambalo halifai kukwepwa. Je, mwanamke aliyeamshwa na mchezo saa kumi jioni atalala wapi usiku? Mume wake naye alikuwa uwanjani. Amemwona akilia, au amemsikia akisema. Sanaa isiyojali swali hili yaweza kumwongezea mtu hatari ikajiita mkombozi. Methali yasema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Na yaweza kuongezwa kwamba amwamshaye mwenziwe katikati ya moto na amwonyeshe mlango. Kwa hiyo mtungaji mwaminifu huwaza, kabla ya ngoma ya kwanza, ni nani atakayebaki kijijini baada ya gari la waigizaji kuondoka. Madawati ya jinsia na watoto yamewekwa katika vituo vya polisi, na ni jambo jema. Lakini kutoka boma la mlimani mpaka kituoni ni safari ndefu usiku. Jirani yu karibu zaidi.

Ushahidi wa Kampala watia moyo kwa kiasi. Huko, mpango uitwao SASA!, ulioanzishwa na shirika la Raising Voices, ulitumia wakazi wenyewe wa mitaa, kwa mazungumzo, picha na michezo mifupi, kwa miaka kadhaa na si kwa siku moja. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba katika mitaa iliyoshiriki, wanawake waliokubali uhalali wa kipigo walikuwa wachache zaidi, na waliopigwa na wenzi wao katika mwaka uliotangulia walikuwa karibu nusu ya wale wa mitaa mingine. Mitaa ilikuwa minane tu, na watafiti wenyewe walionya kwamba tarakimu ya vipigo isishikwe kama msumari. Hata hivyo somo lake ni wazi. Picha na mchezo vilifanya kazi vilipokaa mtaani, vikawa maneno ya watu wa mtaa.

Mji wa Arusha unao ukumbusho mmoja mkubwa kuliko yote haya. Tarehe 2 Septemba 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa ikikaa mjini humo, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba kunajisi wanawake kwaweza kuwa kitendo cha mauaji ya kimbari. Uamuzi huo usingaliwezekana kama wanawake wa Taba hawakusimama wakasema waliyotendewa. Akayesu hakuwa askari aliyeshika panga kila mahali. Alikuwa bwana mkubwa wa wilaya yake, na sehemu ya hatia yake ilikuwa kuwapo, kujua, na kutozuia. Hukumu hiyo ilisomwa kwa mwendo mfupi tu kutoka Kaloleni na Ngarenaro. Makosa hayalingani, wala haifai kuyalinganisha. Lakini neno lililotamkwa mjini humo mbele ya dunia lafaa kusikiwa pia chumba kwa chumba: ajuaye, mwenye uwezo wa kuzuia, asizuie, ana fungu lake.

Basi msanii wa Meru na Arusha, awe mchoraji, mwimbaji, mwandishi au mwigizaji, hana haja ya kutafuta jeraha kubwa zaidi la kuonyesha. Majeraha yamekwisha kuonekana. Na aionyeshe ile asubuhi bombani. Wanawake wawili wamesimama, ndoo zajaa, mmoja amejitanda khanga mpaka chini ya macho, na mwingine ndiye aliyesikia. Mchezo na ukatike hapo, na watazamaji waulizwe: huyu wa pili aseme nini? Jibu likisha kusemwa na watu wenyewe, mbele ya watu wenyewe, litakuwa vigumu kulirudisha nyuma ya ua usiku utakapoingia.